Kusoma jumbe za matukio ya mtandao: mwongozo kamili kwa anayesimamia seva, swichi na ruta

Ujumbe wa tukio la mtandao hausemi kilichoharibika. Unasema kile ambacho sehemu moja ya mfumo iliona, kwa wakati wake, kutoka mahali ilipo. Kadi ya mtandao ikiandika kwamba kiungo kimekatika, haijui kama kebo imechomolewa, swichi imezimika au mtu wa upande wa pili amefunga poti kwa amri. Inajua jambo moja tu: mawimbi hayaji. Wengi hupoteza saa nzima kwa kuusoma ujumbe kama hukumu, ilhali ni maneno ya shahidi mmoja. Kila shahidi anastahili kuulizwa: wewe ni nani, uliona nini hasa, ulianza kuona lini, na nini hukuweza kukiona?

Mwongozo huu unafuata maswali hayo hatua kwa hatua. Mifano mingi ni ya Linux, maana kerneli yake, yaani kiini cha mfumo huo, inasema mengi na inasema waziwazi, lakini nitapita pia kwenye swichi na ruta za Cisco na kidogo kwenye Windows. Anwani za IP na za MAC (namba ya kutambulisha kadi ya mtandao) zilizomo kwenye mifano ni zile zilizotengwa kwa ajili ya nyaraka.

## Hatua ya 1: Hakikisha saa kabla ya kuamini mstari wowote

Logi (kumbukumbu za jumbe) za vifaa viwili zenye saa zisizolingana ni hatari kuliko kukosa logi kabisa, kwa sababu zitakuonyesha chanzo kikija baada ya matokeo, nawe utaamini. Kwa hiyo anza hapa, hata kama bosi amesimama nyuma yako.

Kwenye Linux, `chronyc tracking` au `timedatectl` itakuambia kama saa inafuata chanzo cha nje. Kwenye Cisco, angalia alama iliyo mbele ya saa ya ujumbe: nyota `*` maana yake kifaa chenyewe hakiiamini saa yake, nukta `.` maana yake saa iliwahi kuwekwa sawa lakini sasa haijalandana na seva ya NTP, ile inayogawa saa sahihi. Alama hizi ndogo hupuuzwa sana, na zinabeba habari kubwa kuliko nusu ya maneno yanayofuata.

Ukiweza, vifaa vyote viandike kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Muundo wa zamani wa syslog, itifaki ya kutuma jumbe za logi, ulioelezwa katika waraka wa RFC 3164 ya mwaka 2001, hauna mwaka wala ukanda wa saa. Ule wa RFC 5424 ya 2009 unavyo. Kama seva yako ya logi bado inapokea muundo wa zamani, jua kwamba tofauti ya saa kamili, mfano saa tatu bila dakika za ziada, mara nyingi ni ukanda wa saa na si tukio lililochelewa.

Jumbe za kerneli zina saa ya aina yake. Namba iliyo kwenye mabano ya mraba ni sekunde tangu mashine iwashwe. `dmesg -T` huigeuza kuwa saa ya kawaida, lakini kompyuta iliyowahi kulazwa na kuamshwa inaweza kukupa saa ya uongo kwa njia hiyo. Ni salama zaidi kutumia:

```
journalctl -k -o short-iso-precise
journalctl -k -b -1
```

Amri ya pili inaonyesha jumbe za kerneli za kipindi kilichopita, kabla mashine haijawashwa upya. Hapo ndipo penye ushahidi wa mashine iliyozimwa na kuwashwa na mtu mwenye haraka.

## Hatua ya 2: Vunja mstari vipande vipande

Chukua mistari hii miwili:

```
[ 8412.337120] e1000e 0000:00:1f.6 eno1: NIC Link is Down
[ 8415.902877] e1000e 0000:00:1f.6 eno1: NIC Link is Up 100 Mbps Full Duplex, Flow Control: Rx/Tx
```

Cha kwanza ni saa. Kinachofuata, `e1000e`, ni jina la draiva, programu inayoendesha kadi, yaani anayesema. `0000:00:1f.6` ni mahali kadi ilipo kwenye basi la PCI, na hiyo ndiyo anwani isiyobadilika hata jina la kiolesura likibadilika. `eno1` ni kiolesura, yaani kadi hiyo kama mfumo unavyoiita. Kinachobaki ndicho ujumbe.

Kati ya kukatika na kurudi zimepita sekunde tatu na nusu, muda wa kawaida wa pande mbili kukubaliana kasi. Neno la kukushtua kwenye mistari hii si `Down`. Ni `100`. Kama kabla ya hapo kiungo kilikuwa na kasi ya 1000, basi kimerudi kikiwa kilema. Ethaneti ya 1000 Mbps juu ya shaba huhitaji jozi zote nne za nyaya; ile ya 100 hutosheka na jozi mbili. Waya mmoja uliolegea kwenye kichwa cha kebo unatosha kuleta hali hiyo, na mtumiaji atakuja kulalamika wiki nzima baadaye kwamba "mtandao ni mzito" wakati logi ilishasema siku ileile.

Sasa kiwango cha uzito. Syslog ina ngazi nane: 0 ni dharura, 1 tahadhari ya papo hapo, 2 hali mbaya sana, 3 kosa, 4 onyo, 5 taarifa ya kuzingatiwa, 6 taarifa ya kawaida, na 7 ni maelezo ya utatuzi. Ukikuta namba kwenye mabano ya pembe mwanzoni mwa ujumbe ghafi, mfano `<189>`, igawe kwa 8: unapata 23 na baki 5. Namba 23 ni kundi la local7, ambalo vifaa vya Cisco hutumia kwa kawaida, na 5 ndio uzito.

Usichuje kwa uzito peke yake. Uzito ni maoni ya aliyeandika programu kuhusu tukio kwa ujumla; hakujua lolote kuhusu mtandao wako. Kwa draiva nyingi za Linux, habari ya kiungo kukatika huandikwa kwa ngazi ya 6. Anayesoma kwa `journalctl -p warning` hataiona kamwe, na atabaki akishangaa makosa ya programu yanayofuata kana kwamba yametoka hewani.

## Hatua ya 3: Uliza tukio lilianza lini, si liliandikwa lini

Hii ndiyo hatua ninayotamani kila fundi wa mtandao aijue kwa moyo. Jumbe nyingi huandikwa baada ya kipima muda fulani kuisha. Kwa hiyo saa iliyo kwenye mstari ni saa ya kukata tamaa, si saa ya kuharibika.

Programu kwenye Linux ikijaribu kufungua muunganisho wa TCP na asijibiwe na mtu, kerneli hurudia kuita kwa vipindi vinavyorefuka, na kwa mipangilio ya kawaida hukata tamaa baada ya dakika mbili na sekunde chache. Kikao cha BGP, itifaki ambayo ruta hutumia kupashana habari za njia, kwenye ruta ya Cisco, kisipobadilishwa, husubiri sekunde 180 bila kusikia chochote kabla ya kutangaza jirani amekufa. Mkataba wa anwani ya DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, hujaribu kuhuishwa ukifika nusu ya muda wake, na ukishindikana hujaribiwa tena kwa upana zaidi ukifika asilimia 87.5, kwa hiyo mashine inaweza kupoteza anwani saa nyingi baada ya seva ya DHCP kufa.

Kwa kila ujumbe wa kuchoka kusubiri, toa muda wa kipima muda kutoka kwenye saa iliyoandikwa. Matukio yaliyoonekana kutawanyika ndani ya dakika tano mara nyingi yataangukia dakika moja.

## Hatua ya 4: Anza chini, panda juu

Soma jumbe za kiungo kwanza, kisha za anwani, kisha njia, kisha miunganisho, mwisho programu. Kosa la chini huzaa makelele juu; la juu haliwezi kuvunja kebo. Hapa chini nimepanga jumbe kwa utaratibu huo.

### Kiungo

Ukikuta kiungo kimekatika, tafuta upande wa pili. Swichi nayo iliandika. Kama poti nyingi za swichi ileile zilianguka sekunde ileile, swichi ndiyo mtuhumiwa. Kama ni moja tu, zungumza na kebo, poti na kadi. Kwenye Cisco utaona jumbe zikija mbilimbili:

```
%LINK-3-UPDOWN: Interface GigabitEthernet0/1, changed state to down
%LINEPROTO-5-UPDOWN: Line protocol on Interface GigabitEthernet0/1, changed state to down
```

Muundo ni chanzo, uzito, kisha jina fupi la tukio. Ule wa kwanza unazungumzia mawimbi, wa pili unazungumzia itifaki inayopita juu yake. Wakija wote, mawimbi yenyewe yamekatika. Wa pili akija peke yake, waya uko sawa lakini pande mbili hazielewani. Na ukikuta `%LINK-5-CHANGED` yenye maneno `administratively down`, acha kutafuta kebo: kuna mtu aliyetoa amri.

Hesabu za makosa zinakamilisha ujumbe. `ip -s link show eno1` na `ethtool -S eno1` zitakuonyesha. Makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika, yanayoongezeka huelekeza kwenye waya, kichwa cha kebo au mwingiliano wa umeme. Hesabu ya `rx_missed_errors` ni jambo jingine kabisa: pakiti zilifika salama, mashine ikakosa nafasi ya kuzipokea. Faili `/sys/class/net/eno1/carrier_changes` huhesabu mara zote kiungo kilipobadilika hali tangu kiolesura kianze, hata kama logi imeshafutwa.

Ujumbe mmoja wa kundi hili huogopesha watu kupita kiasi:

```
NETDEV WATCHDOG: eno1 (e1000e): transmit queue 0 timed out
```

Mara nyingi hufuatwa na mlolongo mrefu wa majina ya kazi za kerneli. Usiumize kichwa kuusoma mlolongo huo. Unaonyesha njia aliyopita mlinzi aliyegundua tatizo, na njia hiyo ni ileile kila mara, kwa kadi yoyote. Maana ya ujumbe ni kwamba kerneli ilikabidhi pakiti kwenye foleni ya kutuma, foleni ikasimama, na kadi haikutoa taarifa kwamba imetuma. Tafuta mistari iliyotangulia kutoka kwa draiva yenyewe, mfano `Detected Hardware Unit Hang`. Hiyo ndiyo yenye habari. Watuhumiwa ni draiva, programu iliyo ndani ya kadi, mipangilio ya kuokoa umeme, au kadi inayokufa. Katika matoleo mengi ya kerneli mlolongo huo huchapishwa mara ya kwanza tu tangu mashine iwashwe, kwa hiyo kuuona mara moja hakuthibitishi kwamba ilitokea mara moja. Hesabu halisi iko kwenye `/sys/class/net/eno1/queues/tx-0/tx_timeout`.

Kuna na zile zisizo na ubaya. `link becomes ready` ni salamu tu. `entered promiscuous mode` hutokea mtu anapoendesha tcpdump, programu ya kunasa pakiti, au kiolesura kinapoingizwa kwenye daraja (swichi ya programu ndani ya mashine). Kwenye mashine yenye kontena, mistari ya `entered forwarding state` na `entered disabled state` ya violesura vinavyoanza na `veth` ni kontena zikizaliwa na kufa. Ila kama kontena moja inazaliwa na kufa kila baada ya sekunde kumi, hapo mtandao hauna kosa, na umekusaidia kuona ugonjwa wa programu.

### Anwani

DHCP inasomwa kama mazungumzo yenye zamu nne: mteja anaita, seva inatoa pendekezo, mteja anaomba, seva inathibitisha. Kwenye logi ni `DHCPDISCOVER`, `DHCPOFFER`, `DHCPREQUEST`, `DHCPACK`. Swali ni zamu ipi imekosekana, na kwenye logi ya nani.

Mteja anaita mara kwa mara, na kwenye logi ya seva hakuna kitu: mwito haufiki, kagua VLAN (mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi) na kifaa kinachopeleka miito ya DHCP kwenye mtandao mwingine. Seva inaonyesha imetoa pendekezo kila mara lakini mteja anaendelea kuita: jibu ndilo linalopotea njiani. `DHCPNAK` kwa kawaida ni mashine iliyohamia mtandao mwingine ikidai anwani yake ya zamani, na si tatizo ikitokea mara moja. `DHCPDECLINE` ni ya kuchukuliwa kwa uzito: mteja alipewa anwani, akaikagua, akakuta kuna mwingine anayeitumia. Mashine ikijipa anwani inayoanza na 169.254, hakuna aliyeijibu kabisa. Kwenye Windows, mgongano wa anwani huandikwa kama tukio namba 4199 la chanzo Tcpip, nalo hutaja anwani ya MAC ya mpinzani; iandike mara moja, kisha itafute kwenye jedwali la swichi.

Mtandao mkubwa usiogawanywa huleta huu:

```
neighbour: arp_cache: neighbor table overflow!
```

Jedwali la majirani wa IPv4 kwenye Linux, linalooanisha anwani za IP na za MAC, lina kikomo cha 1024 kisipobadilishwa, kwa mpangilio wa `gc_thresh3`. Ama mashine ina majirani wengi kweli, ama kuna programu inayopekua anwani moja baada ya nyingine. Hesabu kwa `ip neigh` kabla ya kuongeza kikomo. Mistari mingi ya `FAILED` au `INCOMPLETE` ni alama za upekuzi.

Na huu wa daraja: `received packet on eth0 with own address as source address`. Mashine imepokea kutoka nje pakiti yenye anwani yake yenyewe. Kuna mzunguko kwenye mtandao, au mashine pepe iliyonakiliwa pamoja na anwani yake ya MAC. Kwenye swichi za Cisco, mwenzake ni `%SW_MATM-4-MACFLAP_NOTIF`, unaotaja anwani inayorukaruka kati ya poti mbili. Ikiwa ni simu inayohama kati ya vituo viwili vya Wi-Fi, ni kawaida. Ikiwa ni anwani nyingi kwa pamoja kati ya poti zilezile mbili, kimbia ukaikate kebo ya mzunguko. Dakika chache zijazo mtandao mzima utalala.

### Wi-Fi

Jambo la kwanza ni kujua nani aliyeaga.

```
wlan0: deauthenticating from 00:00:5e:00:53:01 by local choice (Reason: 3=DEAUTH_LEAVING)
wlan0: deauthenticated from 00:00:5e:00:53:01 (Reason: 15=4WAY_HANDSHAKE_TIMEOUT)
```

Wa kwanza, mashine yako yenyewe ndiyo iliyoamua kuondoka: mtumiaji alizima, au programu ya kusimamia mtandao ilihamia kwingine. Wa pili, kituo kimeifukuza. Sababu namba 15 wakati wa kuunganishwa mara nyingi ni nywila isiyo sahihi, maana pande mbili zilishindwa kukamilisha kuhakikiana. Namba 4 ni kufukuzwa kwa kukaa kimya muda mrefu, na kwa kompyuta za mkononi hunifanya nitazame mipangilio ya kuokoa betri kwanza. Ukiona kwamba muunganisho umepotea bila kuagwa na yeyote, mashine iliacha kusikia kituo: umbali, kizuizi, au msongamano wa masafa.

### Njia

Huu umewapotosha hata wazoefu:

```
IPv4: martian source 192.0.2.10 from 198.51.100.7, on dev eth0
ll header: 00000000: 00 00 5e 00 53 0a 00 00 5e 00 53 22 08 00
```

Ukisoma haraka utadhani 192.0.2.10 ndiye mtumaji. Sivyo. Anwani ya kwanza ni ya anayetumiwa. Anayetuma ni aliye baada ya `from`. Kerneli inalalamika kwamba pakiti yenye mtumaji huyo haikupaswa kuingilia kwenye kiolesura hiki. Mstari wa pili ni hazina: baiti sita za kwanza ni MAC ya mpokeaji, sita zinazofuata ni MAC ya aliyeikabidhi pakiti, na `08 00` inasema ni IPv4. Kwa hiyo kifaa cha kukitafuta ni `00:00:5e:00:53:22`. Kikiwa ni ruta yako, njia ya kwenda na ya kurudi hazifanani. Linganisha na `ip route get 198.51.100.7`. Kikiwa kigeni, kuna kifaa kilichochomekwa pasipo pake. Jumbe hizi hutokea tu pale `log_martians` imewashwa, hivyo ukimya wake hauthibitishi usafi.

### Miunganisho

```
nf_conntrack: nf_conntrack: table full, dropping packet
```

Jedwali ambamo kerneli huandika kila muunganisho unaopita limejaa. Dalili yake nje ya logi ni ya kipekee: waliokwisha kuunganishwa wanaendelea vizuri, wapya wanakwama. Ukisikia malalamiko ya namna hiyo, tafuta mstari huu kabla ya kitu kingine. Linganisha `net.netfilter.nf_conntrack_count` na `net.netfilter.nf_conntrack_max` kwa sysctl. Kuongeza kikomo kutatuliza, lakini tazama kwanza jedwali limejaa nini. Muunganisho wa TCP uliothibitishwa hukaa sekunde 432000, yaani siku tano, hata bila pakiti kupita. Programu zinazoondoka bila kuaga huacha maiti nyingi humo. `conntrack -L` itakuonyesha ni za nani.

```
TCP: request_sock_TCP: Possible SYN flooding on port 443. Sending cookies.
```

SYN ni pakiti ya kwanza ya kuomba muunganisho wa TCP. Wengi husoma neno la mafuriko na kupiga kelele ya shambulio. Ujumbe wenyewe umeweka tahadhari: inawezekana. Kilichotokea kwa hakika ni kwamba foleni ya maombi ya poti hiyo ilijaa. Programu iliyozidiwa, ambayo haipokei wateja kwa kasi inayotakiwa, hutoa ujumbe huuhuu. Pima kwa:

```
ss -ltn
nstat -az TcpExtListenOverflows TcpExtListenDrops TcpExtSyncookiesSent
```

Kwa poti inayosikiliza, safu ya Recv-Q ni wanaosubiri sasa hivi na Send-Q ni kikomo cha foleni. Recv-Q ikikaribia Send-Q, programu ndiyo inayochelewa. Zingatia pia kwamba onyo hili huandikwa mara moja kwa kila poti iliyofunguliwa, halirudiwi mpaka programu ianzishwe upya. Vihesabu ndivyo vitakavyokuambia kama bado linaendelea.

Kwenye Windows, tukio 4231 linasema poti za muda zimekwisha. Kwa kawaida zipo 16384, kuanzia 49152 hadi 65535. Zikiisha, kuna programu inayofungua miunganisho bila kuifunga. Tukio 1014, la jina kushindwa kutafsiriwa na seva za DNS, likitokea mara moja baada ya kompyuta kuamka halina neno. Likitokea katikati ya kazi, fuatilia.

### Programu

Maneno manne ya makosa ya kuunganishwa yanatofautiana sana, na watu huyachanganya. `Connection refused`: ulifika, ukajibiwa kwamba hakuna anayesikiliza hapo, au ukuta-moto ulikataa kwa adabu. `Connection timed out`: hukujibiwa kabisa, pakiti ilitupwa njiani au mashine haipo. `Network is unreachable`: hukutoka hata nyumbani, jedwali lako la njia halina pa kukupeleka. `No route to host`: mara nyingi njia ipo lakini jirani wa mwisho hakuitika, au ukuta-moto ulirudisha katazo. Fundi anayeripoti "imegoma kuunganika" bila kusema ni lipi kati ya hayo amekunyima robo tatu ya utambuzi. Mwombe mstari wenyewe, herufi kwa herufi.

## Hatua ya 5: Hesabu kilichonyamazishwa

```
net_ratelimit: 214 callbacks suppressed
```

Kerneli hujizuia isizamishe logi. Kwa kawaida sehemu ya mtandao inaruhusiwa jumbe kumi kwa kila sekunde tano. Mstari huu unasema 214 zilizuiwa. Jambo zito ni kwamba jumbe nyingi za mtandao hugawana mgao huo mmoja: mafuriko ya pakiti zenye mtumaji asiyefaa yanaweza kuziba mdomo wa onyo la jedwali kujaa. Ukiona mstari huu, usichukulie kwamba zilizozuiwa ni sawa na zilizoonekana. Nenda kwenye vihesabu, ambavyo havizuiliwi.

Journald, huduma ya kuhifadhi logi kwenye Linux, nayo ina kikomo chake kwa kila huduma. Na syslog inayosafiri kwa UDP, poti 514, haina uthibitisho wa kufika: mtandao unapokatika, jumbe zinazoeleza kukatika huko ndizo zinazopotea. Baada ya tukio, ingia kwenye kifaa chenyewe usome kumbukumbu yake ya ndani. Kwenye Cisco ni `show logging`.

## Hatua ya 6: Unganisha

Tuseme watumiaji wanalalamika kwamba hifadhidata haifikiki, na seva ya logi ina mistari hii, saa zote zikiwa zimehakikiwa:

```
10:38:40 sw1  %SYS-5-CONFIG_I: Configured from console by admin on vty0 (198.51.100.20)
10:40:38 app1 connect to 203.0.113.15:5432: Connection timed out
10:41:04 r1   %BGP-3-NOTIFICATION: sent to neighbor 192.0.2.1 4/0 (hold time expired) 0 bytes
10:41:04 r1   %BGP-5-ADJCHANGE: neighbor 192.0.2.1 Down BGP Notification sent
```

Mwenye haraka ataukamata mstari wa BGP, maana ndio wenye uzito mkubwa kuliko yote, na kumpigia simu mwenye ruta ya upande wa pili.

Twende polepole. Neno `sent` linasema r1 ndiyo iliyokata, kwa kuwa haikusikia kitu kwa sekunde 180. Kwa hiyo mara ya mwisho kusikia ilikuwa 10:38:04. Hadi hapo njia ilikuwa nzima. Programu ya app1 ilikata tamaa 10:40:38. Kwa kerneli ya seva hii kusubiri huko ni sekunde 127, maana yake mwito wa kwanza ulitumwa 10:38:31 na haukujibiwa. Njia ilivunjika kati ya 10:38:04 na 10:38:31.

Hakuna ujumbe hata mmoja wa kiungo kukatika, si kwenye sw1 wala r1. Mawimbi yapo, pakiti hazipiti. Hiyo ni sura ya mabadiliko ya mipangilio.

Mstari wa 10:38:40 unaonekana kuja sekunde tisa baada ya uharibifu, na wengi wangeuondoa kwenye orodha kwa sababu hiyo. Lakini `CONFIG_I` huandikwa mtu anapotoka kwenye hali ya kuhariri, si anapoandika amri. Amri yenyewe ilitangulia. Uzito wake ni 5, mdogo kuliko wa kosa la BGP, na ndio ulio karibu zaidi na chanzo.

Kinachobaki ni kuthibitisha. Kwenye sw1, `show interfaces trunk` itaonyesha kama VLAN inayobeba kikao cha BGP bado imo kwenye kiungo kikuu, na `show archive log config all`, kama kumbukumbu hiyo iliwashwa, itaorodhesha amri zilizoandikwa na nani. VLAN ikirudishwa, subiri `%BGP-5-ADJCHANGE` yenye neno `Up`, kisha jaribu muunganisho wa app1 mwenyewe kwa anwani na poti ileile iliyoshindwa. Jirani kurudi ni ushahidi wa r1 peke yake. App1 nayo inabidi iseme.